Mpwa Wangu, Saini Yako Iko Wapi?

Mpwa wangu, siku tatu zimepita tangu uondoke na begi lako bado liko machoni mwangu. Ulishuka Ijumaa jioni kwa basi la Dar es Salaam, hata kahawa hukuimaliza, ukaanza kunitandikia vyeti juu ya mkeka kama mchuuzi wa khanga: shahada ya kwanza, shahada ya uzamili, vyeti vya semina saba, kimoja kina mhuri wa rangi ya dhahabu. Ukaniuliza, "Mjomba, nimepungukiwa nini?" Nikakwambia ule kwanza. Ukala kwa hasira, ukalala kwa hasira, na Jumapili ukaondoka kabla sijapata pa kuanzia. Mzee akichoka, maneno humjia taratibu, kama maji ya kisima kilichotekwa sana. Leo yamejaa kidogo, ndiyo nakuandikia.

Najua kinachokuuma. Nafasi ya ukurugenzi ilitangazwa kazini kwako, ukaomba, ukaitwa kwenye usaili, akapewa mwanamke aliyetoka tawi la Mbeya, mwenye shahada moja na cheti cha bodi ya wahasibu. Wewe una miaka 11 makao makuu, idara ya mipango. Umekwisha sema ni kujuana. Umekwisha sema utasomea uzamivu ili safari ijayo wakose pa kukukatalia. Mama yako, dada yangu, ameniomba nikutie moyo. Moyo nitakutia, lakini nivumilie kwanza nikueleze nilichokiona, maana nimekaa upande wa pili wa meza ile. Miaka yangu ya mwisho kazini, baada ya kuachana na uhasibu, nilikuwa afisa utumishi. Nilibeba mafaili ya wasailiwa, nikawatilia maji kwenye glasi, nikasikiliza.

Kujuana kupo, sitakudanganya. Nimeona faili likihama kutoka chini kwenda juu ya rundo bila mkono kuonekana. Ila anayesema "kujuana" kila anapokosa hujinyima faida pekee ya kukosa, yaani kujua alichopungukiwa. Liweke neno hilo pembeni kwa leo. Ukishamaliza kunisoma, na bado ukaliona linafaa, lirudishe.

Hupenda kunitajia wazee wa uhuru, kwamba wao walipanda kwa shahada tu. Kweli, na sababu yake ni hesabu nyepesi. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Nchi nzima ilikuwa inatafuta watu wa kukalia viti vilivyoachwa na Waingereza. Edwin Mtei, mtoto wa Marangu aliyechunga mbuzi, alisoma Makerere, na Benki Kuu ilipoanza kazi mwaka 1966 ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza, hajatimiza miaka 34. Hata yeye hakutoka darasani akaenda kukalia kiti hicho. Alianzia mafunzo ya umeneja katika kampuni ya tumbaku, akaingia utumishi wa serikali, akapita Hazina. Alipita upesi kwa kuwa njia ilikuwa tupu.

Leo njia imejaa. Msimu wa mahafali ukifika, majoho hutanda Dar es Salaam kama kunguru. Kitu kikiwa haba kina bei, kikienea kinageuka kiingilio: bila hicho huingii uwanjani, lakini hakuna anayekupigia makofi kwa kuwa nacho. Juu ya hapo limekuja jambo la aibu. Mwaka 2017 serikali ilipohakiki vyeti, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo mwajiri akishika cheti, swali la kwanza kichwani mwake si umesoma nini, ni je, hiki ni cha kweli? Akisharidhika, anakifunika na kutafuta kitu kingine.

Kitu hicho ndicho nilichotaka kukwambia Jumapili. Chukua cheti chako chochote, kitazame chini. Utaona saini ya mkuu wa chuo, utaona ya msajili. Yako haipo. Cheti ni ushahidi wa watu wengine juu yako. Wale waliokaa mezani wanatafuta karatasi za namna nyingine, zile ulizosaini wewe, ambazo mambo yangeharibika ungeitwa wewe ujibu. Hati ya malipo. Mkataba wa mzabuni. Bajeti ya tawi. Taarifa ya upotevu. Barua ya kumwachisha mtu kazi, ambayo usiku wake hukulala.

Nakumbuka usaili mmoja wa meneja wa kanda, katika kampuni iliyokuwa ikinunua mazao. Kijana wa kwanza alikuwa na shahada mbili, moja ya Ulaya. Alizungumza vizuri hata mwenyekiti akavua miwani kumsikiliza. Kisha mzee mmoja wa bodi, mtu wa mkonge asiyependa maneno mengi, akamuuliza, "Mwaka jana, kama ungeumwa mwezi mzima, ni kitu gani kingesimama?" Kijana akafikiri. Akasema taarifa ya robo mwaka ingechelewa.

Aliyefuata alikuwa mama mmoja aliyeanza kazi akiwa karani wa ghala, akasomea uhasibu jioni. Akaulizwa swali lile lile. Akajibu papo hapo, "Wakulima mia tatu wa korosho wangekosa malipo yao, na polisi wangegonga mlango wangu, si wa mtu mwingine." Watu wakacheka. Mimi nilimtazama yule mzee wa mkonge. Alikuwa anaandika.

Usidhani nakusimulia haya kwa kuwa mimi niliyajua mapema. Nimeyajua kwa kuyakosa. Mwaka 1986 nilikuwa mhasibu msaidizi makao makuu ya shirika moja la umma. Meza yangu ilikuwa karibu na dirisha, feni juu ya kichwa. Nikaletewa barua ya uhamisho: nenda Kigoma ukawe meneja wa tawi. Nikaandika kuomba radhi, watoto wanasoma, mke wangu hali yake si nzuri. Mkaza mjomba wako, Mungu amrehemu, hakuwa na ugonjwa wowote. Niliogopa treni, niliogopa kulala pasipo umeme, na zaidi ya yote niliogopa kuwa peke yangu siku hesabu zitakapokataa.

Akaenda mwenzangu, kijana niliyemtangulia kazini miaka mitano, mimi ndiye niliyemfundisha kushika daftari la fedha. Alipofika Kigoma alihesabu ghala gunia moja moja, akakataa kusaini makabidhiano hadi upungufu aliorithi uandikwe. Mwaka wa pili ukatokea upungufu mwingine, wa zamu yake. Huo aliusaini kuwa ni wake, akakatwa mshahara miezi minne. Alirudi baada ya miaka sita akiwa mwembamba, mwenye mvi za mapema, na hakuwa tena mtu wa kuelekezwa. Akafanywa meneja wa kanda, kisha naibu mkurugenzi. Mimi nilikuwa bado chini ya feni ile ile, nikisimama kila anapopita. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mimi sikugaagaa, nikala wali mkavu hadi shirika likavunjwa.

Liko na la pili, hili nalisema kwa taabu. Nilifanya mitihani ya bodi ya wahasibu, nikaanguka masomo mawili. Ningeweza kurudia. Nikajiambia nina uzoefu, uzoefu unatosha. Hautoshi, mwanangu. Shirika lilipovunjwa katika miaka ya 1990, kama yalivyovunjwa mengi, wenye cheti cha bodi walichukuliwa na kampuni binafsi kabla wino wa barua zao haujakauka. Sisi wenye uzoefu usio na karatasi tulipanga foleni ya kiinua mgongo. Kwa hiyo asije mtu akasema mzee huyu anadharau shule. Mimi nimechapwa na fimbo zote mbili. Nilikimbia kazi ikanichapa, nikakimbia mtihani ukanichapa.

Sasa watazame waliofika, lakini uwatazame njiani, usiwatazame wakiwa wamekwisha kaa. Ruth Zaipuna wa benki ya NMB ni mhasibu. Alianzia ukaguzi wa hesabu, kazi ya kuingia nyumba za watu na kufungua makabati yao. Akawa mkuu wa fedha Standard Chartered hapa nchini, akahamia NMB mwaka 2018 kwa kazi hiyo hiyo, kisha akakaimu ukuu wa benki, na mwaka 2020 akathibitishwa. Litafakari neno hilo, kukaimu. Wengi hulichukia, husema ni kazi ya bosi kwa mshahara wa msaidizi. Anayekaimu amekalia kiti kisicho chake, lakini saini ni yake. Miezi michache ya namna hiyo inasema mengi kuliko cheti chenye mhuri wa dhahabu. Najua uliwahi kuombwa ukaimu umeneja wa tawi la Morogoro, ukakataa kwa kuwa posho ilikuwa ndogo. Mama yako aliniambia.

Au mtazame James Mwangi wa Kenya, aliyelelewa na mama mjane huko Murang'a. Alikuwa mhasibu mwenye kazi nzuri katika benki nyingine. Mwaka 1993 akaiacha akajiunga na Equity, wakati huo chama cha mikopo ya nyumba kilichozama kwenye hasara. Mwaka 2004 akawa afisa mtendaji mkuu, na leo hiyo ni benki inayojulikana ukanda mzima. Sikuambii ukatafute jahazi linalozama, mengi huzama kweli na mabaharia wake hatuwasikii. Nakwambia kwamba penye shida pana nafasi ya kusaini. Penye raha, saini zote zimekwisha gawanywa.

James Mworia naye alipewa ukuu wa kampuni ya uwekezaji ya Centum mwaka 2008, akiwa na miaka 30. Utafurahi kusikia umri huo. Basi sikia na yaliyobaki: aliingia pale akiwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, akasomea uhasibu, akasomea na sheria, akatoka kwenda kampuni nyingine, kisha akaitwa arudi. Shule yake na kazi yake zilikwenda kwa zamu, kama kamba mbili zinazosokotwa. Huoni mahali ambapo moja ilisimama ikingoja nyingine imalize.

Vijana wa baraza letu hapa Ngamiani, wale waliochoka kusoma, humtaja Bob Collymore aliyeongoza Safaricom kuanzia 2010 hadi alipofariki 2019, kwamba hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Ni kweli. Wanachosahau ni kwamba alianza akiwa karani katika kampuni ya simu ya Uingereza, akapita miaka mingi kwenye ununuzi wa simu huko Vodafone, akafanya kazi Afrika Kusini, ndipo akakabidhiwa Nairobi. Alikuwa na zaidi ya miaka 50. Mtu wa namna yake akose shahada asikose, amelipa karo mahali pengine. Na siku hizi matangazo mengi ya kazi yangemzuia mlangoni kabla hajasema neno.

Kuhusu uzamivu wako. Uzamivu ni elimu ya utafiti. Ukitaka kufundisha, au kuwa mtu wa kuchambua uchumi, nenda, nitakuombea. Inaweza hata kukusaidia uongozini. Charles Kimei aliyeiongoza CRDB kwa miaka 20 kuanzia 1998 ana uzamivu wa uchumi kutoka Uppsala, Sweden. Lakini CRDB haikuajiri karatasi ya Uppsala peke yake, iliajiri na miaka yake ya Benki Kuu. Wewe unataka kusoma kwa sababu umenuna. Shule ya mtu mzima humfaa pale kazi inapomuuliza swali asiloweza kulijibu. Meneja aliyeona mikopo chechefu ikila tawi lake, akaenda kusomea fedha, atamsikiliza mwalimu kama mgonjwa anavyomsikiliza tabibu. Wewe uliunganisha uzamili na shahada ya kwanza bila kupumzika. Je, ulikwenda na swali gani? Nakuuliza kwa upole, sikusuti.

Babu yako, baba yangu, alikuwa baharia wa jahazi, Tanga, Pemba na Mombasa. Alinieleza kwamba mtoto akiingizwa chomboni hutiwa ngamani, kufua maji yanayoingia kwenye maungio ya mbao. Miezi yuko gizani, maji yananuka mafuta ya papa, haoni bahari. Baadaye hupandishwa kushika kamba, kutweka na kutua tanga, kusoma upepo. Anayefika tezi kushika usukani ni yule ambaye usiku, chombo kikianza kuvuja, hahitaji kuambiwa. Huusikia mlio wa maji chini ya miguu yake. Nahodha aliyesomea nyota tu atazama huku anahesabu nyota kwa usahihi. Na aliyefua maji tu, asijue nyota, atakipeleka chombo mwambani bila kujua. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wengi husema methali hiyo kumwonya mwenye kiburi. Mimi naisikia pia kama mpango wa mafunzo.

Lipo jambo moja unalopaswa kuliogopa zaidi ya usaili. Ukipanda juu sana, watu hawataishia kukuuliza ulichofanya, watachunguza wewe ni nani. Kwenye mabenki ya hapa kwetu, bodi ikishakuchagua, Benki Kuu nayo lazima ikuridhie kabla hujakalia kiti. Hapo ndipo saini za zamani hurudi kama wadai. Hati uliyosaini bila kusoma kwa kuwa bosi alikuwa na haraka, posho ya safari usiyosafiri, risiti ya hoteli usiyolala. Kila saini unayoweka sasa, ukiwa mdogo na hakuna anayekutazama, ndiyo wasifu wako unaoandikwa.

Na yule mwanamke wa Mbeya, usimchukie. Uliwahi kujiuliza aliacha nini ili aende huko? Mwanamume akihamishiwa mkoani huambiwa ni mpiganaji, mwanamke huulizwa nani atapika nyumbani. Wapo walioweza kuliko mimi na wewe, wakabaki chini ya feni kwa sababu hakuna aliyewaletea barua ya uhamisho hata waikatae. Ngazi hii haina vipago sawa kwa kila mguu. Ndiyo maana siku ukipata kiti, hata kidogo, wape walio chini yako kitu cha kusaini. Bosi anayesaini kila kitu mwenyewe huita huo umakini. Mimi nauita kula mbegu.

Nenda kwa huyo mama, mkurugenzi wako sasa. Mpe hongera kwa moyo mweupe, na ukishindwa, mpe hongera hivyo hivyo, moyo utafuata. Kisha mwombe akupeleke mahali penye hesabu zinazokataa. Usimwombe cheo, mwombe tawi. Kama kinachokuzuia kupata cheti cha bodi ni uvivu tu, kisomee. Yakipita miaka minne na ukabaki ulipo, njoo unitukane, kama nitakuwa bado nipo barazani.

Macho yamechoka, nafupisha. Kwa haraka zako umesahau vyeti viwili chini ya mkeka. Nimevitia kwenye bahasha, nimeviweka juu ya kabati, mvua isivifikie. Sitavituma. Vifuate mwenyewe siku ya Idi, inshallah. Na utakapokuja, usibebe begi lile. Njoo na karatasi moja tu, umeandika kwa mkono mambo matano yaliyowahi kuwa na saini yako, ambayo yangeharibika ungeitwa wewe. Yasipofika matano usione haya, andika yaliyopo. Hata likiwa moja, tutakaa barazani tulizungumze hilo moja, na safari hii kahawa utaimaliza.

Mjomba wako,
Ngamiani, Tanga